Kuzungumza na Wananchi Barazani Baada ya Janga

Mada iliyotolewa kwa machifu, wasimamizi wa wadi na maafisa wa nyanjani



Maji yakishapungua na barabara ikianza kupitika, kinachofuata katika kaunti yoyote nchini ni baraza. Hema moja, viti vya plastiki vya kuazima kanisani au shuleni, kipaza sauti chenye betri iliyochoka, na watu ambao juzi usiku walikuwa wamekaa juu ya paa. Kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona serikali ana kwa ana tangu msiba uwapate. Watakayoyasikia hapo ndiyo yatakayoamua kama watarudi kulala bondeni usiku huo, kama watachota maji katika kisima kilichoingiwa na matope ya vyoo, na kama watamsikiliza afisa atakayekuja msimu ujao kuwaambia wahame. Baraza la namna hiyo si la kutoa pole tu. Ni sehemu ya uokoaji.

Kazi huanza kabla ya kipaza sauti kuwashwa. Afisa anayefika saa tano kwa gari, akapanda jukwaani moja kwa moja bila kupaona mahali palipoharibika, hutambulika kwa viatu vyake. Watu hutazama viatu. Ni vizuri afike asubuhi, apitie kwa chifu na kwa mzee wa kijiji, atembezwe, aone nyumba zilizosombwa na mahali ambapo maji yalipita, aulize ni familia zipi zina maiti nyumbani na ni zipi bado zinatafuta watu wao. Akina mama wanaopika katika shule iliyogeuzwa kambi watamweleza kwa dakika kumi mambo ambayo ripoti ya ofisini haitakuwa nayo wiki nzima: kwamba vyoo viwili vinatumiwa na watu mia kadhaa, kwamba watoto wameanza kuharisha, kwamba wazee wasioweza kutembea wamebaki ng'ambo ya mto.

Halafu kuna suala la nani anasema. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kukabiliana na majanga ni jukumu la serikali ya kitaifa na pia la serikali za kaunti. Chifu na naibu wa kamishna wa kaunti wako upande mmoja, msimamizi wa wadi na idara za kaunti upande mwingine. Mwananchi aliyelowa hajali Jedwali la Nne. Kinachomchosha ni kusikia afisa wa kaunti akisema mablanketi ni ya serikali kuu, na afisa wa serikali kuu akisema barabara ile ni ya kaunti. Mambo hayo yamalizwe chini ya mti kabla ya baraza kuanza. Pande zote zikubaliane juu ya karatasi moja: yanayojulikana, yasiyojulikana, nani atajibu kuhusu maji, nani kuhusu mazishi, nani kuhusu chakula. Wakipanda jukwaani wawe na hesabu moja na tarehe moja.

Baraza lifunguliwe kwa sala, kama ilivyo desturi, kisha waliofiwa watambuliwe. Wasilazimishwe kusimama. Hapo ndipo mabaraza mengi huharibika, kwa sababu baada ya sala huanza orodha ya salamu. Kila mheshimiwa hualikwa "kusalimia watu", na kila salamu huzaa hotuba. Saa mbili hupita. Mama aliyempoteza mtoto ameketi kwenye jua anasikiliza habari za mradi wa barabara uliozinduliwa mwaka uliopita. Mwakilishi wadi na viongozi wengine wana haki ya kuwepo, na watu hupenda kuwaona, lakini wataarifiwe mapema kwamba mtu wa kwanza kushika kipaza sauti ni yule mwenye habari ya usalama ya leo, na kwamba wananchi watauliza maswali kabla ya waheshimiwa kufunga. Kiongozi mwenye busara hukubali. Asiyekubali, chifu amwombe kwa heshima mbele ya wazee. Ni mara chache mtu hukataa mbele ya wazee.

Swali la kwanza la wananchi huwa ni moja: ni nini kilitupata? Jibu lake lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yenye mawe na magogo yaliwavamia watu wakiwa usingizini katika kijiji cha Kamuchiri na sehemu nyingine za Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Makumi ya watu walifariki. Taarifa za kwanza kabisa zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ya zamani ilikuwa imezibwa na takataka, miti na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakalibomoa.

Mtu anaweza kusema kwamba kwa aliyefiwa tofauti hiyo haina maana. Ina maana kubwa kwa walio hai. Anayeambiwa kuwa bwawa lilipasuka, na yeye hana bwawa juu ya kijiji chake, atalala bila wasiwasi. Anayeambiwa kuwa kalvati iliziba, kesho yake atakwenda na jirani zake kuitazama kalvati iliyo juu yao. Ndiyo sababu afisa asikimbilie kutaja chanzo kwa kuwa tu watu wanataka jibu. Aseme: "Mpaka saa hii tunajua maji yalitoka upande huu na yalifika saa hizi. Wahandisi wanakagua. Ijumaa saa nne, hapa hapa, mtaelezwa wamepata nini." Na taarifa ya kwanza ikigeuka, masahihisho yatolewe mahali pale pale, kwa watu wale wale, kwa sauti ile ile. Masahihisho yanayotolewa Nairobi kwa wanahabari hayamfikii mzee aliyesikia habari ya kwanza akiwa kambini.

Pamoja na chanzo huja hesabu ya waliokufa. Hakuna jambo linalozaa uvumi haraka kama hesabu inayobadilika bila maelezo. Jengo la Grenfell jijini London, lenye ghorofa 24, lilipoungua tarehe 14 Juni 2017, polisi walianza kwa kutaja vifo 6, wakafikisha 12 siku hiyo hiyo, na siku tano baadaye wakafikia 79, wakiwahesabu pia waliodhaniwa kufa. Mwezi Novemba, baada ya uchunguzi wa kila chumba, hesabu ilithibitishwa kuwa 71. Mwaka uliofuata mkazi mwingine alifariki na kuifanya 72. Kwa miezi yote hiyo mtaani watu waliamini kwamba serikali ilikuwa inaficha mamia ya maiti. Polisi hawakuwa wakidanganya. Kila hesabu ilikuwa ya siku yake. Shida ilikuwa kwamba watu waliofiwa hawakupata mtu wa kuwaeleza, siku za mwanzo, hesabu hiyo inapatikana vipi. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024 uliikosoa vikali halmashauri ya eneo hilo kwa jinsi ilivyowahudumia manusura.

Hapa kwetu jambo hilo linafanyika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa watu wanajuana. Afisa atenganishe mafungu matatu: maiti zilizopatikana na kutambuliwa, maiti zilizopatikana ambazo bado hazijatambuliwa, na watu ambao familia zimesema hawaonekani. Aeleze kwamba mtu mmoja anaweza kuwa katika fungu la pili na la tatu kwa wakati mmoja, hivyo mafungu hayo hayajumlishwi. Mtu yeyote aliyewahi kuhesabu mbuzi jioni anaelewa. Na majina yasisomwe kwa kipaza sauti kabla familia hazijaambiwa faraghani. Limetokea mara nyingi kwamba kaka amejua kifo cha dada yake kutoka kwenye simu ya jirani aliyerekodi baraza.

Kwa wanaotafuta watu wao, hatari kubwa ni ahadi ya tarehe. Familia za Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, zinajua. Miili ilianza kufukuliwa Aprili 2023, ikapita 400, na miili ya kwanza kukabidhiwa familia baada ya vipimo vya DNA ilitolewa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Afisa anayesema "majibu ya DNA yatatoka wiki ijayo" ili kutuliza watu leo, amemwachia mwenzake wa wiki ijayo moto. Aseme sampuli zinachukuliwa wapi, nani katika familia anafaa kutoa, ni karatasi gani wabaki nayo, na kila siku gani ya wiki kutakuwa na mtu wa kuwaeleza hali ilivyo hata kama hakuna jipya.

Liko pia swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya baraza, mara nyingi na mjane. Mwili usipopatikana, cheti cha kifo kitapatikana vipi, na shamba, akaunti ya benki au karo ya watoto itakuwaje? Sheria ya Ushahidi ya Kenya inamchukulia mtu kuwa amefariki iwapo hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia. Miaka saba ni mingi kwa mtu mwenye watoto shuleni. Jibu la afisa lisiwe "sheria ndiyo hiyo". Amwelekeze palipo na msaada wa kisheria, na ahakikishe kwamba taarifa ya kupotea kwa mtu huyo imeandikwa kituo cha polisi na nambari ya kitabu cha matukio imetolewa. Bila nambari hiyo, hakuna ofisi itakayoanza kumsikiliza.

Kuhusu amri ya kuhama, siku chache baada ya Mai Mahiu, serikali iliwaagiza waliokaa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 waondoke katika muda wa saa 24. Amri kama hiyo ikimfikia mwananchi barazani, kichwani mwake yanazunguka maswali manne au matano: nitakwenda wapi, nitabeba nini, mifugo itakaa wapi, nani atalinda nyumba, na je, nikiondoka nitaruhusiwa kurudi au shamba litachukuliwa? La mwisho halitamkwi, lakini ndilo linalowafanya watu wabaki. Afisa alitaje mwenyewe kabla halijaulizwa. Kama kuhama ni kwa muda, aseme hivyo na aandike hivyo. Kama kuna mpango wa kutowaruhusu watu kurudi kando ya mto, asiufiche ndani ya neno "kwa muda". Watakaogundua wamedanganywa mara moja hawatahama mara ya pili, na mara ya pili ndiyo itakayoua.

Kosa la upande wa pili ni kuwatuliza watu kupita kiasi. Mjini L'Aquila, nchini Italia, matetemeko madogo yalikuwa yakisikika kwa miezi. Tarehe 31 Machi 2009 kikao cha wataalamu kilifanyika hapo, na afisa wa ulinzi wa raia akaiambia televisheni kwamba mitikisiko midogo ni jambo jema kwa kuwa inapunguza nguvu iliyo ardhini. Kisayansi halikuwa sahihi. Wenyeji walikuwa na desturi ya kulala nje wakisikia mtikisiko. Baadhi, kwa kuamini maneno hayo, walibaki ndani. Tetemeko kubwa lilikuja usiku wa tarehe 6 Aprili na watu 309 wakafa. Maafisa na wanasayansi saba walihukumiwa mwaka 2012; katika rufaa wanasayansi sita waliachiliwa, na hukumu iliyobaki ilikuwa ya afisa aliyetuliza watu, nayo ikapunguzwa hadi miaka miwili. Chifu hapaswi kuogopa jela kila anapofungua kinywa. Lakini "hakuna hatari" ni maneno ambayo hayana nafasi barazani wakati mvua bado imo katika utabiri.

Mfano wa kueleza vizuri unaweza kuchukuliwa kwenye Mto Tana, maana hapo lawama ni ya zamani. Kila mafuriko yanapofika Garissa, Hola na Garsen, wakazi husema mabwawa ya juu "yamefunguliwa". Maelezo ya kitaalamu hayajibu lawama hiyo yakisomwa kama tangazo. Yanaeleweka yakielezwa kwa mtungi. Mvua ya Mlima Kenya na safu za Aberdare huingia Masinga. Bwawa hilo likifika kimo cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na maji yanayozidi hupita yenyewe kwenye njia ya kumwagia, kama mtungi ulioachwa chini ya bomba. Yanashuka Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanaingia nyanda tambarare. Kutoka huko hadi Tana ya chini huchukua siku kadhaa. Hiyo ndiyo habari inayookoa ng'ombe na mahindi: kwamba mtu wa Garsen, kijua kikiwaka juu yake, bado anaweza kuwa na siku chache za kuhamisha vitu vyake. Mzee akisema haamini, asibishiwe. Aambiwe kimo cha maji cha leo, na apewe cha kesho na cha keshokutwa, ajionee mwenyewe kama kinapanda.

Na aambiwe kwa lugha yake. Kiswahili ni lugha ya taifa, na Katiba inakitaja pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini katika baraza moja la Tana River wanaweza kuketi Wapokomo, Waorma na Wasomali, na katika milima ya Pokot Magharibi, ambako maporomoko ya ardhi ya Novemba 2019 yaliua makumi ya watu, wapo akina mama ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Mkalimani asiwe kijana yeyote aliyesimama karibu. Atafutwe mapema, asomewe ujumbe, aulizwe atasemaje "pembezoni mwa mto", "tibu maji", "uchunguzi". Maneno kama "rasilimali" na "mikakati ya kukabiliana" hayatafsiriki barazani, hata kwa Kiswahili. Anayejua lugha ya ishara naye aitwe, na wasiosikia waketi mbele.

Afya isisukumwe mwisho, watu wakiwa wameanza kuondoka. Baada ya mafuriko, kipindupindu huja kimya. Afisa wa afya ya jamii apewe dakika zake mapema, ashike dawa ya kutibu maji mkononi, aonyeshe kiasi kwa debe la lita 20 kama lilivyo, aseme hapa hapa itagawiwa wapi. Nambari zitajwe polepole na zirudiwe: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 116 kwa mtoto aliye hatarini. Kambi hujaa watoto wasio na mtu mzima wa kuwaangalia, na hilo lisemwe wazi bila kuona haya.

Sasa hasira. Mtu atasimama na kupiga kelele. Pengine amelewa kidogo, pengine hajalala siku tatu. Kijana wa usalama akimshika bega, baraza limekwisha. Aachwe amalize. Afisa arudie kwa maneno machache alichosikia: "Unasema uliripoti kalvati hiyo mwezi wa pili na hakuna aliyekuja." Asimtetee mtu, asiilaumu idara nyingine. Aandike. Watu mia mbili wanatazama kama kalamu itagusa karatasi.

Watauliza pia pesa za dharura ziko wapi. Hilo ni swali halali, na afisa asilichukulie kama tusi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Aliyejiandaa ataeleza hivyo na kusema kiasi gani kimetolewa mpaka sasa kwa ajili ya wadi hiyo. Ambaye hajajiandaa atasema "tutalishughulikia". Neno hilo limetumika hadi limechakaa. Mwananchi wa Kenya akilisikia huanza kutafuta bodaboda ya kurudi nyumbani. Badala yake pawe na jina la ofisi, kitu kinachofanywa, na siku. "Mabati: ofisi ya wadi inaorodhesha nyumba hadi Alhamisi. Orodha itabandikwa Jumamosi. Asiyejiona aje Jumatatu." Kama hakuna mabati, aseme hakuna mabati.

Atakayeomba taarifa kwa maandishi asifukuzwe. Ibara ya 35 ya Katiba inampa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ramani ya mahali ambapo mlima unaweza kuporomoka tena, kwa familia inayoishi chini yake, ni taarifa ya uhai.

Baraza likifungwa, karani abaki. Maswali yote yaliyoulizwa yaandikwe yalivyoulizwa, si kama "wananchi walitoa maoni mbalimbali". Mbele ya kila swali liwekwe jibu lililotolewa, au nani anadaiwa jibu na lini. Nakala moja ikae kwa chifu, moja ofisi ya wadi, moja ibandikwe penye kivuli mahali watu wanapochota maji au kupanga foleni ya chakula, ikifunikwa kwa karatasi ya plastiki ili mvua isiilowanishe. Na siku ya kurudi ikifika, hata kama jibu la wahandisi halijaja, gari liondoke ofisini kwa wakati.